Kuielewa Ankara ya Umeme ya Nyumbani

Umeme ni bidhaa isiyofanana na bidhaa nyingine za nyumbani. Sukari hupimwa kwenye mizani mbele ya mnunuzi, na mwenye shaka huomba ipimwe tena. Umeme hauonekani wala haushikiki. Mnunuzi hutoa fedha, hupewa tarakimu, huziingiza katika mita, na taa zikawaka. Siku fedha ile ile inapoleta uniti chache kuliko za mwezi uliopita, wengi husema tu kwamba umeme umepanda, ingawa huenda bei haikubadilika hata kwa senti moja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ankara ya umeme ni hesabu ya kuzidisha, kugawanya na kujumlisha, ambayo mtoto aliyemaliza shule ya msingi aweza kuikagua. Mfano utakaotumika ni wa Tanzania Bara, kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2016 kwa idhini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Viwango vya bei, kodi na tozo vyaweza kubadilishwa na wenye mamlaka. Kwa hiyo yampasa msomaji avilinganishe na vile vilivyomo katika stakabadhi yake. Njia ya kuhesabu itabaki ile ile.

NGUVU NA NISHATI

Kosa la kwanza katika kuzungumzia umeme ni kuchanganya nguvu na nishati. Nguvu ni kasi ambayo chombo hutumia nishati, nayo hupimwa kwa wati, jina lililotokana na mhandisi wa Uskoti, James Watt (1736-1819). Nishati ni jumla ya kile kilichotumika kwa muda wote.

Mfano wa maji utasaidia. Nguvu ni kama kasi ya maji yatokayo bombani. Nishati ni kama maji yaliyokusanyika ndooni. Bomba linalotiririka kidogo usiku kucha laweza kujaza pipa, na bomba lililofunguliwa lote kwa dakika moja likajaza ndoo tu. Mita ya umeme huhesabu maji yaliyokusanyika. Ndiyo maana chombo chenye wati nyingi kinachotumika kwa dakika chache chaweza kugharimu kidogo kuliko chombo chenye wati chache kinachowaka mchana na usiku.

Kipimo cha mita ni kilowati-saa, ambacho watu wote hukiita uniti. Uniti moja ni nishati inayotumiwa na chombo chenye nguvu ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Kwa vipimo vya kifizikia ni jouli 3,600,000. Nishati hiyo si ndogo: ingetosha kuinua mzigo wa tani moja hadi kimo cha mita 367 hivi. Lakini nishati hiyo hiyo ikitumiwa kupasha maji yenye joto la sentigredi 25, itachemsha lita 11 tu hivi, hata kama hakuna joto linalopotea. Kupasha joto hula nishati nyingi sana. Kwa sababu hiyo pasi, birika na jiko la umeme humaliza uniti upesi kuliko redio au taa.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: zidisha wati kwa saa za matumizi, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti.

HESABU YA KAYA MOJA

Tuchukue kaya yenye vyombo vya kawaida, na mwezi wa siku 30. Jokofu lina nguvu ya wati 150. Mashine yake haifanyi kazi wakati wote, bali huwaka na kuzima kadiri ubaridi unavyohitajika. Tuseme jumla ya saa 8 kwa siku. Hiyo ni uniti 1.2 kwa siku, au 36 kwa mwezi. Televisheni ya wati 80 ikiwashwa saa 5 kila siku hutumia uniti 12 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 ikipata umeme kwa jumla ya dakika 20 kila siku hutumia uniti 10. Taa tano za kisasa za wati 9 kila moja, zikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti 6.75. Kuchaji simu mbili hakuzidi uniti 0.6 kwa mwezi. Jumla ni uniti 65.35.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu: badala ya taa za wati 9, kaya itumie taa tano za zamani zenye utambi wa waya, kila moja wati 60. Taa peke yake zitatumia uniti 45, na jumla ya kaya itakuwa uniti 103.6. Ongezeko ni uniti 38.25. Itaonekana mbele kidogo kwamba gharama ya ongezeko hilo ni kubwa kuliko gharama ya uniti zote 65.35 za awali.

KUISOMA STAKABADHI YA LUKU

Wateja wengi wa nyumbani hununua umeme kabla ya kuutumia, kwa utaratibu wa Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, yaani LUKU. Kwao stakabadhi ndiyo ankara. Tuchukue mteja wa daraja la T1, ambalo bei yake ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti, aliyelipa shilingi 10,000 na hana deni lolote. Stakabadhi yake itasomeka hivi:

Gharama ya umeme: shilingi 8,196.72
Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18: shilingi 1,475.41
Tozo ya EWURA, asilimia 1: shilingi 81.97
Tozo ya REA, asilimia 3: shilingi 245.90
Jumla: shilingi 10,000.00
Uniti: 28.1

Mstari wa kwanza ni thamani ya umeme wenyewe. Mstari wa pili ni kodi ya serikali, kama ile inayotozwa katika bidhaa nyingine nyingi. Wa tatu huiwezesha mamlaka inayodhibiti bei na ubora wa huduma. Wa nne huenda katika kazi ya kupeleka umeme vijijini chini ya Wakala wa Nishati Vijijini. Kwa njia hiyo mtumiaji wa mjini huchangia nguzo na nyaya za kijiji ambacho hakijafikiwa.

Asilimia hizo tatu zikijumlishwa ni 22. Kwa hiyo, ili kupata gharama ya umeme wenyewe, gawanya fedha uliyolipa kwa 1.22: shilingi 10,000 zikigawanywa kwa 1.22 ni 8,196.72. Hapo yafaa kujihadhari na kosa linalotokea mara nyingi. Mtu hukata asilimia 22 ya shilingi 10,000, akapata 7,800, akadhani ameibiwa au amezidishiwa. Asilimia hizo huhesabiwa juu ya gharama ya umeme, si juu ya fedha yote iliyolipwa.

Gharama hiyo ikigawanywa kwa 292 hutoa uniti 28.07, ambazo mita huandika 28.1. Kwa maneno mengine, uniti moja ya daraja la T1 humfikia mteja kwa shilingi 356.24, kodi na tozo zikiwamo. Zamani mteja wa daraja hilo alilipa pia tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi, hata kama hakutumia umeme. Tozo hiyo iliondolewa katika mabadiliko ya 2016.

Tarakimu 20 zinazoingizwa katika mita nazo zina maana. Ndani yake mmefichwa, kwa maandishi ya siri ambayo mita husika ina ufunguo wake, kiasi cha uniti na wakati wa ununuzi. Ndiyo maana namba ya jirani haikubaliki katika mita yako, wala namba moja haiingii mara mbili. Wakati huo ulihesabiwa kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani miaka 31 na karibu miezi 11. Hesabu ilifika ukomo 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza namba za ziada za kubadili ufunguo wa mita. Haikuwa mbinu ya kuongeza bei, kama ilivyodhaniwa na baadhi ya watu.

FEDHA ILE ILE, UNITI CHACHE

Katika nchi jirani ya Kenya ankara huwa na mistari zaidi: gharama ya mafuta ya kuendeshea mitambo, marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, na marekebisho ya mfumuko wa bei. Mistari hiyo hupanda na kushuka, na kwa hiyo bei ya uniti huweza kubadilika mwezi hata mwezi. Tanzania Bara haina utaratibu huo kwa mteja wa nyumbani. Bei ikishapangwa hubaki mpaka amri nyingine itolewe. Kwa hiyo mteja anayeona uniti zake zimepungua asianze kwa kudhani kwamba bei imepanda. Atazame kwanza mambo matatu: makato ya deni, uniti alizokwisha nunua mwezi huo, na daraja lake la bei.

Makato yanayowahusu wengi ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikafikishwa shilingi 1,500. Nyumba ya ghorofa hutozwa zaidi. Kodi hiyo haihusiani na kiasi cha umeme kilichotumika. Hukatwa kwanza, na kinachobaki ndicho kinachonunua umeme.

Mteja wetu wa T1 akilipa tena shilingi 10,000, safari hii akiwa na kodi ya mwezi mmoja, hubakiwa na shilingi 8,500. Zikigawanywa kwa 1.22 ni 6,967.21, na zikigawanywa kwa 292 ni uniti 23.9. Amepungukiwa uniti 4.2, na bei ya umeme ni ile ile. Asiponunua kwa miezi kadhaa, kodi hulimbikizwa na kukatwa kwa pamoja siku atakaponunua.

Kodi hii ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Mita haijui ni nani aliyenunua. Humkata yeyote anayelipa. Yafaa basi mpangaji atunze stakabadhi, na akubaliane mapema na mwenye nyumba juu ya kurejeshewa fedha hiyo au kuipunguza katika kodi ya pango.

DARAJA D1 NA MPAKA WA UNITI 75

Daraja la D1 liliwekwa kwa ajili ya wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2016, kila uniti mpaka ya 75 ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kodi na tozo zikijumlishwa, uniti ya chini ya mpaka ni shilingi 122, na ya juu ya mpaka ni shilingi 427. Kwa mteja wa D1, uniti ya 76 ina bei ya mara tatu na nusu ya uniti ya 75.

Turudi kwa kaya yetu. Kwa uniti 65.35 ingelipa shilingi 7,972.70. Kwa uniti 103.6 hesabu ni hii: uniti 75 kwa shilingi 100 ni 7,500, uniti 28.6 kwa shilingi 350 ni 10,010. Jumla ni 17,510. Ikizidishwa kwa 1.22 ni shilingi 21,362.20. Tofauti ni shilingi 13,389.50, na tofauti hiyo imeletwa na aina ya taa tu.

Mtu aweza kuuliza: je, D1 ni ghali kwa anayevuka mpaka? Hesabu yasema si lazima. Kwa kuwa uniti 75 za kwanza ni rahisi mno, ankara ya D1 hubaki chini ya ile ya T1 mpaka matumizi yafike uniti 323 hivi kwa mwezi. Hatari kubwa iko katika kuondolewa katika daraja hilo. Mteja ambaye matumizi yake yanazidi mpaka mara kwa mara huweza kuhamishiwa T1, na hapo uniti 75 zilizokuwa zikimgharimu shilingi 9,150 zitamgharimu shilingi 26,718.

Jambo jingine ni namna ya kununua. Katika LUKU mpaka wa uniti 75 hufuata ununuzi wa mwezi. Kaya inayotumia uniti 60 kila mwezi, ikinunua kwa miezi miwili mbalimbali, italipa shilingi 14,640 kwa uniti 120. Ikinunua uniti zote 120 siku moja, italipa shilingi 28,365. Aliyeuza mazao akaona heri aweke akiba ya umeme, hujikuta amelipa karibu maradufu kwa nishati ile ile.

MITA MOJA, KAYA TATU

Mpaka huu huwaumiza zaidi watu ambao ulikusudiwa kuwasaidia. Katika miji mingi wapangaji kadhaa huishi katika nyumba moja yenye mita moja. Mita huhesabu uniti. Haihesabu watu, wala haijui kwamba nyuma ya ukuta kuna kaya tatu na si moja.

Tuseme kaya ya kwanza hutumia uniti 65 kwa mwezi, ya pili 20, na ya tatu, yenye taa, redio na simu, hutumia 15. Kila moja peke yake iko chini kabisa ya mpaka. Zikiwa na mita tatu za D1, zingelipa jumla ya shilingi 12,200. Zikiwa na mita moja ya D1, uniti 100 zitagharimu shilingi 19,825. Na mita hiyo ikihamishiwa T1, zitagharimu shilingi 35,624.

Kisha huja suala la kugawana. Wakigawana sawa kwa sawa shilingi 19,825, kila kaya hutoa shilingi 6,608 hivi. Wakigawana kwa kadiri ya uniti, kaya ya kwanza hutoa shilingi 12,886, ya pili 3,965, na ya tatu 2,974. Mgawanyo wa sawa kwa sawa humfanya mwenye taa na redio alipe zaidi ya mara mbili ya sehemu yake, yaani alipie sehemu ya jokofu la jirani. Ugomvi wa umeme katika nyumba za kupanga hutokana na jambo hili mara nyingi, na dawa yake ni kalamu na karatasi: kila kaya iorodheshe vyombo vyake, wati zake na saa za matumizi, na malipo yagawanywe kwa uwiano wa uniti. Mita ndogo ya kila chumba hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi.

Wenye nyumba nao wana hesabu ya kufanya. Kati ya mita moja ya D1 na mita tatu, tofauti ni shilingi 7,625 kwa mwezi, au shilingi 91,500 kwa mwaka. Kiasi hicho ndicho cha kulinganishwa na gharama ya kuunganishiwa mita za ziada.

KUIPIMA MITA

Mwenye shaka na mita yake aanze kwa jaribio jepesi. Azime na kuchomoa vyombo vyote. Taa ndogo nyekundu ya mita, ambayo humweka kadiri umeme unavyopita, yapasa itulie. Ikiendelea kumweka, kuna chombo kilichosahaulika, au umeme unavuja, au kuna waya uliounganishwa kwingine. Hapo aitwe fundi mwenye leseni. Mwananchi asifungue mita wala kugusa nyaya zake.

Jaribio la pili ni la kipimo. Juu ya mita huandikwa idadi ya mimweko kwa kilowati-saa moja. Ikiwa ni 1,000, taa ya utambi ya wati 60 ikiwaka peke yake italeta mmweko mmoja kila baada ya dakika moja. Mimweko ikija upesi zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, mteja ana hoja ya kupeleka ofisi ya umeme, nayo ni hoja yenye namba.

HITIMISHO

Umuhimu wa hesabu hizi unazidi sasa ambapo wananchi wanahimizwa kuacha mkaa na kuni. Jiko la kawaida la umeme la wati 1,500 likiwaka saa 2 hutumia uniti 3. Chungu cha umeme cha mgandamizo chenye wati 1,000, kikivuta umeme kwa jumla ya nusu saa, hutumia nusu uniti. Kwa kaya ya D1, uchaguzi kati ya vyombo hivyo viwili waweza kuamua kama itabaki chini ya mpaka au itauvuka. Kabla ya kununua chombo, basi, zisomwe wati zake pamoja na bei yake ya dukani.

MAZOEZI

1. Mteja wa T1 ana deni la kodi ya jengo la miezi mitatu kwa shilingi 1,500 kila mwezi. Akilipa shilingi 10,000 atapata uniti ngapi?
2. Mteja wa D1 asiye na deni anafanya ununuzi wake wa kwanza wa mwezi kwa shilingi 5,000. Atapata uniti ngapi?
3. Feni ya wati 50 huachwa ikizunguka saa 10 kila usiku kwa siku 30. Hutumia uniti ngapi?

Majibu: 1. Uniti 15.4. 2. Uniti 41.0. 3. Uniti 15.